Naomba kuelekezwa sehemu za kujifunza bustani ya mboga na maua mtandaoni, video zimenichanganya

KijaniKibichi:
Habari za muda huu wakuu. Nina kaeneo kadogo nyuma ya nyumba na vyungu kadhaa barazani, nataka mboga (nyanya, hoho, spinachi, vitunguu) na maua kidogo, waridi na zinia basi. Sasa shida yangu sio kukosa maelezo, maelezo yamezidi. Mfano nimetafuta kwa nini nyanya zinaoza kitako, huyu anasema ponda maganda ya mayai, mwingine anasema mwagia chumvi ya Epsom, wa tatu anauza busta yake, na wote nyanya zao kwenye video zinang'aa balaa. Nimwamini nani hapo? Mwenye website, app au chaneli anayoitumia mwenyewe na ikamsaidia anitajie, hata ya Kiingereza nitahangaika nayo ila ya Kiswahili nitashukuru zaidi. Natumia simu tu na bando lenyewe la kubana bana. Nawasilisha.

mzee_wa_mboji:
Mkuu kabla hujamwagiwa list, angalia kwanza huyo anayekufundisha analima wapi, hapo ndo wengi wanapopigwa. Chukulia Charles Dowding wa Uingereza, yule wa kulima bila kuchimba, anatandika maboksi juu ya majani halafu anajaza mboji juu yake. Jamaa yuko makini sana na anachosema anakionyesha, ila kama kwako kuna mchwa yale maboksi ni chakula chao, umewaita mwenyewe.

Vitunguu ndo usiseme. Kuna mbegu za siku ndefu na za siku fupi. Za siku ndefu zinataka mchana wa saa 14 hivi kwenda juu ndo zianze kutunga kitunguu, na ukiwa karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo utalea majani mazuri ya kupigia picha, chini hamna kitu. Na aliyekufundisha hajakudanganya, kwake inakubali kabisa.

Afu ukisikia mtu anasema "niko zone 5, zone 9" hiyo ni ramani ya wizara ya kilimo ya Marekani, inaangalia baridi ya mwaka inashuka mpaka wapi basi, haikwambii chochote kuhusu mvua wala jua la mchana. Kama unapoishi hapagandi baridi ruka hayo maelezo yote, usipoteze bando.

DadaZinia:
Kwa Kiswahili anza na Access Agriculture, ni video za wakulima wenyewe wakionyesha kazi, unachagua lugha na Kiswahili kipo, unaweza kuzidownload ukipata wifi ukaangalia baadaye. Infonet-Biovision nzuri sana kwa wadudu na magonjwa bila kukimbilia sumu, ila kubwa lake ni Kiingereza. Plantwise ya CABI, shirika la kimataifa la mambo ya kilimo, nayo ina vikaratasi vifupi vya tatizo moja moja, dalili ni hizi, fanya hivi, na baadhi vipo kwa Kiswahili.

Kuna watu watakutajia Nuru ya PlantVillage, app ya kutambua magonjwa ya mimea kwa kamera ya simu, kweli inafanya kazi bila intaneti na inaongea Kiswahili, lakini ilianzia kwenye mihogo, usije ukaipelekea waridi ukailaumu.

Kwa maua mimi nakaa sana kwa RHS ya Uingereza (Royal Horticultural Society), chama cha watu wa bustani cha tangu 1804 hicho, wana ukurasa karibu kwa kila ugonjwa wa waridi. Tarehe zao za kupanda achana nazo. Kupogoa, madoa meusi kwenye majani, ukungu mweupe, hapo wasikilize.

pilipili_kichaa:
Hilo swali lako la kitako cha nyanya ndo litumie kupimia kila website mpya. Jibu lenyewe ni kwamba calcium haifiki vizuri kwenye tunda, na mara nyingi udongo unayo ya kutosha, tatizo ni maji yasiyo na mpangilio, leo unaloanisha chungu mpaka kinafurika kesho kutwa kimekauka kau. Chumvi ya Epsom ni magnesium wala sio calcium, ukiimwaga nyingi inashindana na hiyo calcium kuingia kwenye mizizi unazidi kuharibu. Maganda ya mayai yanachelewa sana kuoza, hayawezi kuokoa nyanya za msimu huu. Kwa hiyo ukikuta ukurasa unaanza na maji, baki hapo. Ukikuta unaanza na kitu cha kununua, toka.

Trick nyingine, kwenye Google andika unachotafuta kwa Kiingereza halafu mbele yake weka site:edu, utaletewa vyuo vikuu vya Marekani. Wale wana sheria ya tangu 1914 ya kupeleka elimu ya kilimo kwa wananchi, hawakuuzii mbolea. Pale Washington State University kuna Linda Chalker-Scott, ameandika sana kuhusu uongo wa bustani, hiyo Epsom ameishughulikia vizuri tu.

botania:
App ya kutambua mimea mimi ninayo PlantNet, bure, unapiga picha unachagua kama ni jani, ua, tunda au gome. Ukipiga ua inakaribia zaidi kuliko jani. Inakuletea majina na asilimia, sasa usichukue la juu ukaenda kula, la hasha, hiyo ni dalili tu.

Wadudu peleka iNaturalist, kule watu wanathibitisha picha yako. Na umtambue mdudu kabla ya kupuliza chochote tafadhali. Yule mviringo mwekundu mwenye madoa meusi (ladybird) wote tunampenda, ila mtoto wake hafanani naye hata kidogo, ni mrefu mweusi ana alama za rangi ya chungwa na miguu imechomoza pembeni, watu wanamponda wakidhani ni adui kumbe ndo anawamaliza vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani.

KijaniKibichi:
Duh asanteni sana, nimesave yote. Sasa hoho yangu moja inanyauka mchana jioni inaamka, majani bado kijani. App imenipa magonjwa matatu tofauti, nifuate lipi?

mzee_wa_mboji:
Usifuate hata moja kwanza. Chomeka kidole kwenye udongo, kama ni pakavu ndani au chungu kimechemka kwa jua basi ni kiu tu. Kama una unyevu na siku zinavyokwenda jioni haiamki tena, kata shina karibu na chini, lining'inize kwenye glasi ya maji safi usiitikise, angalia kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe unashuka kama moshi huo ni mnyauko bakteria, hauna dawa, ng'oa na mizizi na udongo wake, na hapo usirudishie hoho, nyanya wala biringanya.

Na ukitaka kusaidiwa popote pale weka picha ya mmea mzima, jani juu na chini yake, na udongo. Picha moja ya jani lililokauka kila mtu anabahatisha.

kaka_mchicha:
Mnamzungusha mwenzenu, ajiunge magrupu ya WhatsApp, unauliza unajibiwa hapo hapo.

pilipili_kichaa:
Magrupu mazuri kwa kubadilishana miche na kujua wadudu gani wameingia wiki hii, sibishi. Dawa ndo siwaamini. Unaambiwa "weka kifuniko kimoja kwenye ndoo", kifuniko cha chupa gani, dawa yenye kiambato gani? Soma lebo yenyewe. Ukipewa dozi bila jina la kiambato na bila idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, usipulizie mboga.

DadaZinia:
Hasa spinachi, maana ile unachuma jani leo, kesho unachuma tena, hizo siku za kusubiri utazipitisha saa ngapi? Kama ni vidukari geuza jani uwapige na maji kwa nguvu upande wa chini, rudia baada ya siku mbili tatu. Kwenye vyungu mimi sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo.