Mtoto wa miaka 4 na nusukaputi: akili zitaguswa?

MamaK_Umoja: Kijana ana kilo 16. Jumanne anatolewa tonsili na nyama za puani, kama dakika 40. Mama mkwe ameshikilia kwamba nusukaputi inakula akili. Nijiandae vipi?

Thieta_Namba3: Dakika 40, mara moja tu, hazili akili. Utafiti wa GAS uliwagawa kwa kura watoto wachanga 722 wa upasuaji wa ngiri: wengine walilazwa usingizi kwa gesi ya sevofluraini, wengine wakadungwa ganzi ya mgongo wakiwa macho. Walipopimwa akili wakiwa na miaka 5, walilingana. Onyo la Marekani la 2016 ni kwa walio chini ya miaka 3 wanaolazwa usingizi zaidi ya saa 3, au mara kadhaa. Wako hayumo.

Kitakachokushtua ni kuzinduka. Miaka 2 hadi 5 ndiyo yenyewe: anapiga mateke, analia, hata mama hamtambui. Hupita kwa dakika 5 hadi 15, wengine nusu saa, na baadaye hakumbuki. Usimtikise. Linda dripu ising'oke, mwongeleshe polepole. Nesi ahakikishe kwanza si maumivu, maana vurugu za maumivu na za kuzinduka hufanana. Ongea mapema na daktari wa usingizi. Propofoli kidogo (dawa ya usingizi ya mshipani) mwishoni mwa upasuaji husaidia.

Sirinji: Paracetamol miligramu 15 kwa kilo, kwa hiyo 240: yaani mililita 10 za ile dawa ya maji ya 120 kwa mililita 5. Kila saa 6, mwisho mara 4 kwa siku. Pima kwa sirinji, vijiko vya nyumbani havilingani. Siku za mwanzo usingoje alie. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, asipewe kabisa: miili ya watoto wengine huigeuza mofini haraka mno, pumzi ikazimika.

MamaK_Umoja: Asanteni. Na akifika nyumbani?

Thieta_Namba3: Jinamizi, kukojoa kitandani, kukuganda kama kupe. Wengi hutulia ndani ya wiki 2. Usimchape, na usimdanganye kwamba mnaenda kununua chipsi. Mwambie ukweli kwa maneno machache siku moja kabla.

Sirinji: Chakula na maziwa mwisho masaa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu masaa 2 kabla, ila hospitali yako ikisema vingine. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi! Akitema damu mbichi, au akimezameza usingizini, hasa siku ya 5 hadi 10, kimbia kazualti. Usingoje foleni ya Jogoo Road ipungue.