Nafuu ya korona iliisha kwa miezi tisa, mbona deni lake linazidi kukua?

Muuza Nafaka, Kongowea

Wanajukwaa, hamjambo. Nauza nafaka na bidhaa nyingine kwa jumla katika soko la Kongowea, Mombasa, na madaftari yangu ya mauzo nimeyahifadhi miaka yote. Juma lililopita nilikuwa nikilipitia la mwaka 2020. Kwenye ukurasa wa Aprili nimeikata asilimia 16 kwa wino mwekundu na kuandika 14, kwa sababu serikali ilikuwa imepunguza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ili kutupunguzia makali ya korona. Kwenye ukurasa wa Januari 2021 nimeikata 14 na kuirudisha 16. Nafuu yenyewe ilikuwa ya miezi tisa. Deni la umma nalo, lililokuwa takriban shilingi trilioni 6.7 mwezi Juni 2020, lilifika trilioni 7.7 mwaka mmoja baadaye, na kufikia Juni 2023 lilikuwa limeshapita trilioni 10.

Wapo wanaoniambia kwamba serikali haikuwa na budi kukopa, na wapo wanaosema janga lilitumiwa kama kisingizio. Naomba mwenye ujuzi wa hesabu za serikali anifafanulie: kosa lilikuwa wapi hasa?

Mhasibu Mstaafu

Ndugu yangu wa Kongowea, umeuliza jambo linalonikera kwa muda mrefu, kwa hiyo nitalieleza kwa mapana.

Kukopa mwaka 2020 hakukuwa kosa. Hoteli zilifungwa, ndege zilisimama, maua hayakupata soko Ulaya, na mapato ya kodi yakaporomoka wakati hospitali zilihitaji fedha zaidi kuliko wakati wowote. Kosa lilitangulia janga. Deni lilikuwa chini kidogo ya trilioni 2 mwezi Juni 2013, na kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020 lilikuwa limeshazidi trilioni 6, kutokana na reli ya kisasa ya SGR, hatifungani (hati ya mkopo wa serikali) ya dola bilioni 2 iliyouzwa nje mwaka 2014 na nakisi kubwa ya bajeti kila mwaka. Mwezi Oktoba 2019, miezi mitano kabla ya janga, Bunge liliacha kikomo cha deni kilichopimwa kwa asilimia 50 ya pato la taifa na kuweka kiwango kimoja cha trilioni 9. Kikomo cha namna hiyo hakimwambii mtu kama uchumi unaweza kuubeba mzigo. Kinamwambia tu nafasi iliyobaki ya kukopa. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lenyewe, mwezi Mei 2020, lilitukopesha dola milioni 739 na mwezi huohuo likatupandisha kutoka daraja la hatari ya wastani ya kushindwa kulipa madeni hadi hatari kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Karibu nusu ya deni letu ni la fedha za kigeni. Dola moja ilikuwa shilingi 101 hivi mwanzoni mwa 2020, ikafika 160 mwezi Januari 2024. Deni la namna hiyo hukua kwa shilingi hata usipokopa senti moja zaidi, na sehemu kubwa ya nyongeza uliyoitaja imetoka huko.

Sahihisho dogo kuhusu nafuu: si yote iliyoondolewa. Wanaopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliendelea kusamehewa kodi ya mapato hata baada ya Januari 2021.

Muuguzi

Nakubaliana na Mzee Mhasibu, lakini naomba tusizungumzie trilioni bila kutazama fedha zilivyotumika. Mwaka 2020 nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya umma. Tulikuwa tukigawiwa barakoa moja kila mmoja, nami niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango ili nije kuivaa tena kesho yake. Mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza jinsi KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua na kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, ilivyonunua vifaa vya korona vya mabilioni ya shilingi kwa bei iliyozidi ya soko, na vingi vikabaki vimerundikana ghalani bila wanunuzi. Niliposoma habari ile niliukumbuka msumari wangu. Aliyekopa kwa jina la mgonjwa alipaswa kuonyesha risiti kwa jina la mgonjwa.

Kijana wa Awamu ya Pili

Nilifanya kazi katika awamu ya pili ya Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua wakati wa korona, tukizibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku, na fedha zile zilimlisha mama yangu. Kwa hiyo sitasema kwamba matumizi yote ya wakati ule yalikuwa ya ovyo. Hata hivyo, IMF ilipoidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.34 mwezi Aprili 2021, nilikuwa miongoni mwa Wakenya zaidi ya 200,000 waliotia sahihi ombi la kuitaka isitukopeshe. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema kwamba mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki baina ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ndicho sisi, na Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kutuongezea kodi, ulipoletwa tulitambua kwamba sehemu yetu ya mzigo imefika.

Muuza Nafaka, Kongowea

Nawashukuru nyote. Mzee Mhasibu, niongeze swali moja: je, deni hili linahusiana na benki kutunyima mikopo sisi wafanyabiashara wadogo?

Mhasibu Mstaafu

Linahusiana moja kwa moja. Serikali hukopa hapa nyumbani pia, na wakopeshaji wakubwa ni benki na mifuko ya pensheni. Februari 2024 iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Meneja wa benki akiwa na nafasi hiyo, hana sababu ya kukaa na daftari lako akipima kama mahindi yatauzika.

Muuza Nafaka, Kongowea

Niliomba shilingi 300,000 za kununulia maharagwe. Barua ya kunikatalia ninayo hapa mkononi, nayo ni ya Februari 2024.