Ndani ya kikao cha loji ya Wamasoni hufanyika nini hasa?

Mdadisi
Ndugu wanajamvi, kila Wamasoni (Freemasons) wanapotajwa, mazungumzo huishia kwenye kafara na utajiri wa ghafla. Naomba mwenye ujuzi atueleze kwa mpangilio kinachofanyika katika loji, yaani tawi lao, tangu mlango unapofungwa hadi wanachama wanapotawanyika.

Karani wa Zamani
Ndugu Mdadisi, sehemu kubwa ya kikao ingekuchosha. Katika loji zinazofuata desturi ya Uingereza, mlinzi hubaki nje ya mlango akiwa na upanga mkononi, na Mkuu wa loji, aketiye upande wa mashariki, hufungua kikao kwa kugonga nyundo ndogo na kwa maswali na majibu yaliyokaririwa neno kwa neno. Kitabu kitakatifu hufunguliwa, na skwea ya fundi pamoja na bikari huwekwa juu yake. Baada ya hapo husomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, barua na hesabu za fedha, kama ilivyo katika chama chochote. Anayeomba kujiunga hupigiwa kura ya siri kwa vigololi, na vyeusi vichache tu hutosha kumkataa.

Kinachovutia ni kumpokea mwanachama mpya. Huingizwa akiwa amefungwa kitambaa machoni, kamba shingoni, goti la kushoto likiwa wazi, na akiwa amevuliwa kila kitu cha metali, sarafu zikiwemo. Baadaye, mbele ya wote, huombwa atoe sadaka, naye hana hata senti. Ndipo huelezwa kwamba akikutana na mwenzake aliyefilisika aikumbuke saa hiyo. Kwa maoni yangu, hakuna hotuba inayoweza kufundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Mpenda Ushahidi
Maelezo hayo ni mazuri, lakini yameruka kiapo. Kwa miaka mingi viapo vilitaja adhabu za kutisha, kama vile kukatwa koo, na Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza, chombo kinachosimamia loji za huko, iliziondoa ndani ya viapo mwaka 1986 tu. Watu wa nje hawakuzusha hofu yao kutoka hewani.

Karani wa Zamani
Ni kweli, ingawa adhabu hizo zilichukuliwa kuwa za ishara. Niongeze kwamba mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi kikaoni, katazo lililomo tayari katika Katiba ya Anderson, kitabu cha kanuni za Wamasoni cha mwaka 1723. Kikao kikifungwa, hufuata mlo na kuombeana heri, na hapo ndipo watu hucheka.

Mdadisi
Nashukuru. Je, wanawake huruhusiwa, na mgeni anaweza kuona ukumbi?

Mpenda Ushahidi
Loji Kuu hiyo hupokea wanaume pekee, lakini yapo mashirika ya wanawake, na lile la Le Droit Humain, lililoanzishwa Paris mwaka 1893, huchanganya jinsia zote mbili. Kikaoni mgeni haingii. Hata hivyo, jengo kuu la Loji Kuu hiyo ya Uingereza jijini London, lililopo mtaa wa Great Queen Street, lina makumbusho yanayopokea umma.