Kisumu–Nairobi kwa ndege: kilomita ngapi, na mbona tiketi inasema karibu saa nzima?

Nyalenda_Juu
Habari zenu. Mama anatoka Kisumu kwenda kumwona daktari Upper Hill, Nairobi, saa tano asubuhi. Kila ninapotafuta umbali napata jibu tofauti: 350, 280, 270. Na kama ndege inakwenda kilomita 600 kwa saa, mbona tiketi imeandikwa dakika 50 na ushee? Nimkatie ya saa ngapi?

Fundi_Ramani
Zote tatu ni sahihi. 350 ni ya lami: Ahero, Kericho, Mau Summit, Nakuru, Naivasha. 280 ni mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Kisumu hadi JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi. Ukiishia Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, ni 270.

Hakikisha mwenyewe kwa kalamu. Ikweta inapita hapo Maseno, kwa hiyo kwetu digrii moja ni takriban kilomita 111 upande wowote. Uwanja wa Kisumu uko 0.09 kusini, 34.73 mashariki, JKIA 1.32 kusini, 36.93 mashariki. Tofauti ni 1.23 na 2.20, yaani kilomita 137 na 244. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 280. Usiijaribu kwa miji ya Ulaya, huko longitudo zimebanana.

Zamu_ya_Asubuhi
Dakika za tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena. Ndani yake kuna ndege kutembea ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua, na JKIA huko ndiko muda unakoliwa. Angani ni kama dakika 35 hadi 40. Ile 600 ni kasi ya ndege ikishafika juu na kutulia, na safari fupi hivi karibu yote ni kupanda na kushuka. Ndege haikai sana kwenye kasi hiyo. Kurudi Kisumu kunaweza kuzidi kidogo, kwa sababu upepo wa Nairobi mara nyingi unatoka mashariki: ndege inaruka kuelekea huko kwanza, ndipo igeuke magharibi.

Kata ya kwanza asubuhi, iwe imeondoka kabla ya saa mbili. Ndege ileile huenda na kurudi mchana kutwa, hivyo uchelewaji wa asubuhi unarundikana hadi jioni. Isitoshe, ngurumo za ukanda wa ziwa mara nyingi huanza alasiri, na rubani anaweza kuzungushwa hewani au kurudishwa. Mwezi wa saba na wa nane wingu la chini Nairobi linaweza kuchelewesha hata ya asubuhi, kwa hiyo usimbananishe na saa tano kamili.

Soma tiketi kama ni JKIA au Wilson. Kwa Upper Hill, Wilson ni karibu zaidi.

Nyalenda_Juu
Shukrani. Magoti yanamsumbua. Ngazi za ndege ataziweza?

Zamu_ya_Asubuhi
Dash 8, ile ndege ya mapanga, ina ngazi zake mlangoni, vidaraja vichache tu. Za jeti ni ndefu. Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, usingoje kaunta, na useme wazi kama hawezi kupanda ngazi kabisa, maana huo ni utaratibu mwingine. Dawa zake na barua ya daktari ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mizigo.

Kaptembwo_Stage
Na wa Nakuru mkiuliza: Kisumu ni kama kilomita 185 kwa barabara. Kushuka Nairobi 160 ili urushwe kurudi magharibi ni kupoteza siku.