Mafinga, kupata nyumba ukiwa na mbwa mpaka ufunge na kuomba?

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na leo si baridi.

Yule mama mwenye nyumba wa Kinyanambo, msijifanye hamumjui, nusu ya mji huu amewapangisha na nusu nyingine amewafukuza. Nimeenda na dalali kuona chumba na sebule. Maji ndani, luku ya kujitegemea, geti. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikakubali bila kupepesa. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamwambia nina mbwa mmoja, kachanjwa kichaa mwaka huu kama kila mwaka, cheti hiki hapa na muhuri wa bwana mifugo.

Akaacha kuchambua maharage. Akakishika cheti kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu. Akanipandisha, akanishusha.

"Wenzio wanahamia na mke, wewe unahamia na mbwa?"

Mbele ya dalali! Dalali niliyemlipa hela ya kuonyeshwa nyumba, akacheka mpaka akashika ukuta. Wapangaji waliokuwa wanaanika nguo wakaacha kuanika.

Kwani nilienda kupanga au kuposa?

Uani kwake kuna bata mzinga anayekimbiza watu wazima mpaka barabarani. Kuna mbuzi anayekula nguo kwenye kamba. Eti mbwa ana kelele, wakati malori ya Tunduma yanapiga honi usiku kucha! Mbwa wangu halewi, hafungulii redio usiku wa manane, hamalizi umeme wa mtu. Halafu mimi ndo naambiwa "unahamia na mbwa". Mbele ya dalali.

Mwenye nyumba yoyote, Changarawe, Sabasaba, hata huko ndani kwenye misindano ya Sao Hill, anicheki. Nawasilisha.

Ulanzi Baridi: Pole mkuu. Ila swali la mama hujalijibu. Mke yuko wapi?

Mleta uzi: Ona sasa.

Fundi Randa: Namjua huyo. Mimi alinikataa eti nanuka mbao. Mafinga hii, mji wa mbao! Nikamuuliza anataka mpangaji anayenuka nini, sangara?

Mama Pacha: Bora hata mbwa. Mimi naambiwa watoto wawili wadogo hapana, watachora ukuta. Ukuta wenyewe haujapigwa hata lipu.

Geti Kali: Ngoja kwanza. Mbwa yuko mkoa wa Iringa, kanenepa, anatafutiwa na nyumba? Mleta uzi, humuogopei?

Ulanzi Baridi: Nilikuwa naihesabia saa hiyo. Mhehe nipo hapa, tafuteni utani mwingine, huo wa Wahehe kula mbwa babu yangu aliusikia kabla hajaota ndevu.

Komredi wa Njombe: Nyie mna luku za kujitegemea mnalalamika? Huku tunachangia nyumba nzima, na mmoja kafungua saluni chumbani. Tukinunua umeme wa elfu kumi asubuhi, jioni tunawasha mishumaa.

Mama Pacha: Komredi, zimeni swichi kuu siku ana bibi harusi. Atanunua yake.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Mtu mzima naambiwa "unahamia na mbwa", mbele ya dalali!

Fundi Randa: Dalali yupi? Yule wa bodaboda nyekundu, anayevaa koti la mvua hata kiangazi?

Mleta uzi: Huyo huyo.

Fundi Randa: Ana deni langu la mbao tangu mwaka jana! Yuko wapi saa hizi?

Geti Kali: Mimi alinifungulia nyumba, tukamkuta mtu kalala ndani. Akasema "huyu anatoka kesho". Hela ya kuonyeshwa hakurudisha.

Mama Pacha: Kwangu simu haipokei. Nikipiga kwa namba ngeni anapokea, akisikia sauti tu anageuka fundi bomba.

Fundi Randa: Kesho asubuhi stendi. Nani anakuja?

Geti Kali: Nipo.

Komredi wa Njombe: Nitapanda gari la kwanza.

Mleta uzi: Kwa hiyo nyumba hakuna?

Fundi Randa: Nyumba gani tena mkuu? Njoo na mbwa.