Maji ya chumvi ya tanki la matumbawe, yanakaa muda gani kwenye pipa?

Muulizaji: Wadau habari, nataka niwe nachanganya maji mengi kwa mpigo niyaweke kwenye pipa, yatakaa bila kuharibika? Halafu pampu ya kuchanganyia imeganda kitu cheupe, ni nini?

Jibu 1: Hiyo ni kalisiamu kaboneti mkuu. Ukimwaga maji juu ya chumvi pale chini panakuwa pakali mno, inaganda na matumbawe ndio yanaikosa. Weka maji yaliyochujwa kwanza, pampu izungushe, ndio utie chumvi kidogo kidogo, hita baadaye. Pampu iloweke kwenye siki itatakata.

Jibu 2: Pipa lifunike vizuri jamani, maji yanapaa chumvi inabaki, kipimo kinapanda. Lenga gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji hayo ya chumvi, ni kama 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na maji matupu (specific gravity), yakiwa nyuzi joto 25, na upime tena siku ya kutumia.

Muulizaji: Na pampu iwake muda wote?

Jibu 1: Si lazima, washa na hita siku moja kabla hadi joto lilingane na la tanki. Ila soma pakiti, kuna chumvi zinazotaka zitumike mapema zikishachanganywa, hizo usizilaze.