Sherehe za Wakhasi, Meghalaya: niende Aprili au Novemba?

Mlangilangi
Ndugu wasafiri, nawasalimu. Ninakusudia kwenda Meghalaya, jimbo la milima lililo Kaskazini-Mashariki mwa India, na shabaha yangu kubwa ni kuwafahamu Wakhasi, kabila la huko, na kuhudhuria sherehe zao. Nimesoma kuhusu mbili: Shad Suk Mynsiem, inayochezwa Shillong, mji mkuu wa jimbo hilo, mwezi wa Aprili, na Nongkrem, inayofanyika katika kijiji cha Smit, aghalabu Novemba. Uwezo wangu ni wa safari moja tu. Je, ipi inamfaa zaidi mtu asiyejua lugha wala mila zao, na ni adabu gani nizingatie nisije nikawaudhi wenyeji?

Nyayo za Mbali
Ndugu Mlangilangi, mimi nakushauri Novemba bila kusita, na sababu ya kwanza ni mvua. Kijiji cha Mawsynram, jimboni humo, hupata wastani wa milimita zipatazo 11,800 kwa mwaka, na jirani yake Sohra, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Cherrapunji, ilipimwa milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861. Novemba mvua za monsuni huwa zimekwisha, kwa hiyo utaweza kuteremka ngazi zaidi ya 3,000 kutoka kijiji cha Tyrna hadi kile cha Nongriat ukaone daraja la ghorofa mbili lililo hai, ambalo wazee walilikuza kwa kuielekeza mizizi ya mti wa mpira ivuke mto, kazi inayochukua miaka mingi kabla mtu hajathubutu kulikanyaga. Hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni unaoutafuta.

Nongkrem yenyewe ni ibada ya Khyrim, himaya ya jadi ya Wakhasi: mbuzi huchinjwa kafara, na watu huomba mavuno mema na amani. Kisha huja ngoma. Mabinti ambao hawajaolewa hucheza katikati, wamevaa hariri, mataji ya fedha na mikufu ya shanga nene za marijani na dhahabu, nao husogea taratibu mno, macho yameinama, nyayo zikitambaa ardhini bila kuinuliwa. Wanaume huwazunguka kwa nje, wameshika panga na mwengo, kama walinzi wao, huku ngoma na zumari zikiongoza mwendo. Usitarajie mbwembwe, uzuri wake umo katika utulivu huo, na anayetazama kwa haraka haoni kitu.

Bint Mwangaza
Ndugu Nyayo amesema kweli, lakini naomba kuitetea Aprili. Shad Suk Mynsiem huandaliwa na Seng Khasi, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1899 na Wakhasi waliotaka kuhifadhi dini na mila zao wakati ambapo Ukristo, ulioletwa Sohra na wamisionari wa Wales kuanzia 1841, ulikuwa umekwisha kuenea. Leo Wakhasi walio wengi ni Wakristo, ndiyo maana Jumapili utakuta maduka mengi ya Shillong yamefungwa. Anayeiona ngoma hiyo katika uwanja wa Weiking anashuhudia watu wanaoshukuru kwa mavuno na, wakati huohuo, wanaokataa urithi wao upotee. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko hali ya hewa.

Jambo jingine, ambalo wageni wengi hulielewa nusu: Wakhasi hufuata ukoo wa mama. Mtoto huchukua jina la ukoo wa mamaye, na binti kitindamimba ndiye hurithi nyumba ya wazazi, akabeba pia jukumu la kuwatunza wazee na kusimamia ibada za familia. Hata hivyo, usiseme kwamba wanawake ndio watawala, kwa kuwa mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya ukoo, na mtawala wa Khyrim, yaani Syiem, ni mwanamume ambaye cheo chake humfikia kupitia upande wa mama.

Mzee wa Njia Panda
Kuhusu adabu, mwanangu, mwanamke muite Kong na mwanamume muite Bah, ukitanguliza neno hilo mbele ya jina lake. Ukikaribishwa kwai, yaani popoo, tambuu na chokaa, pokea kwa heshima, ila tafuna kidogo kwanza, kwa sababu popoo yao ni kali na humtoa jasho asiyeizoea. Ukifika katika msitu mtakatifu wa Mawphlang, usitoke na chochote, hata jani kavu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa wakati wa kafara.

Mlangilangi
Nawashukuru nyote. Nimeelemea Novemba kwa ajili ya Nongriat. Je, nikate tiketi sasa?

Nyayo za Mbali
Subiri kwanza. Siku za Nongkrem hupangwa na himaya yenyewe na hubadilika mwaka hadi mwaka. Zikishatangazwa, kata tiketi ya ndege hadi Guwahati, mji wa jimbo jirani la Assam; kutoka hapo hadi Shillong ni mwendo wa barabara wa takriban kilomita 100, na Smit iko kilomita kama 15 mbele yake.